Abiria Elfu Nne wa Pantoni, na Swali Kama Sisi Nasi Tumo Ndani ya Kompyuta

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa mwaka 2016, niliandika programu ya kompyuta iliyoiga foleni ya pantoni baina ya Magogoni na Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Ndani yake walikuwamo abiria 4,000, na kila abiria alikuwa ni namba nne tu: dakika aliyofika getini, upande anaoelekea, kama ana mzigo au hana, na dakika aliyopanda. Hakuwa na jina, hakutoka jasho, hakumjua aliyesimama mbele yake. Kama alikuwa mama mwenye ndoo ya samaki kutoka Feri au karani anayewahi kazini, mimi sikujua wala programu haikujua, kwa sababu swali nililotakiwa kulijibu lilikuwa moja: pantoni moja ikiongezwa, foleni ya asubuhi itapungua kwa dakika ngapi?

Siku ya kwanza kuiendesha, geti halikufunguka. Nilikuwa nimeupima muda kwa hatua za sehemu moja ya kumi ya dakika, na kuiamuru programu ifungue geti saa yake ya ndani itakapotimia dakika 10 kamili. Sikujua bado kwamba kompyuta, kwa kuwa huhesabu kwa sifuri na moja, haiwezi kuiandika 0.1 sawasawa, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali; ukiijumlisha 0.1 mara mia moja hupati 10, unapata 9.99999999999998. Geti lilingoja 10, na 10 haikuja. Abiria waliendelea kumiminika na kusimama, mia tano, elfu mbili, elfu nne, hadi usiku wa manane wa programu, na hakuna hata mmoja aliyepiga mluzi, aliyemfokea mkata tiketi wala aliyekata tamaa akarudi nyumbani. Yeyote aliyewahi kusimama Magogoni saa moja asubuhi anajua kwamba jambo hilo haliwezekani.

Nilipomsimulia mama kwamba nimeumba watu elfu nne na wote nimewasahau getini, hakucheka. Alinisahihisha papo hapo: kuumba ni kwa Mungu, wewe umeunda. Nilidhani wakati ule ni uchaji tu wa mtu mzima, lakini kadiri ninavyosoma hoja za wale wanaosema kwamba huenda ulimwengu wote ni programu inayoendeshwa na watu wengine mahali pengine, ndivyo ninavyoona kwamba tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti yenyewe inayogombaniwa. Hapa nitauita ulimwengu wa namna hiyo mwigo, kwa sababu ndilo neno la karibu zaidi tulilo nalo, na pia kwa sababu neno hilo linatulazimisha kuuliza: mwigo wa nini?

Hoja inayotajwa kila mara ni ya mwanafalsafa Nick Bostrom, aliyoichapisha mwaka 2003 akiwa Oxford, na jambo la kwanza la kusemwa ni kwamba hakudai humo kuwa tunaishi ndani ya kompyuta. Alichodai ni kwamba walau moja kati ya kauli tatu lazima iwe kweli. Ama karibu jamii zote zilizofikia hatua yetu huangamia kabla ya kupata uwezo wa kuiga historia nzima pamoja na akili za watu wake. Ama zile zinazosalimika hazina haja wala hamu ya kuwaiga mababu zao. Ama, kama kauli hizo mbili si kweli, sisi wenyewe karibu hakika tumo ndani ya mwigo. Sababu yake ni ya hesabu. Jamii moja tu yenye uwezo huo ikiendesha miigo elfu moja ya historia yake, walioigwa watawazidi wa asili mara elfu, na mtu asiye na alama yoyote ya kumtofautisha hana haki ya kujihesabu miongoni mwa wachache wenye bahati. Bostrom mwenyewe aliona kwamba, kwa ujinga wetu wa sasa, ni busara kuzigawia kauli zote tatu imani inayokaribiana. Mitandaoni, hata hivyo, hubaki ile ya tatu peke yake, hasa tangu mwaka 2016 Elon Musk alipouambia mkutano mmoja wa teknolojia huko California kwamba uwezekano wa sisi kuwa katika uhalisi wa msingi, yaani ulimwengu wa asili usioigwa, ni mmoja kati ya mabilioni. Kielelezo chake kilikuwa Pong, mchezo wa mwaka 1972 wenye vijiti viwili na kitone kimoja, akiulinganisha na michezo ya leo ambayo mamilioni ya watu huicheza kwa wakati mmoja wakiwa katika mandhari yanayokaribia picha halisi.

Kielelezo hicho hakinishawishi hata kidogo. Kilichoboreka tangu Pong ni picha inayomfikia mchezaji, na mchezaji bado yuko nje, ameketi kwenye kochi. Hakuna mchezo hata mmoja ambamo tuna sababu ya kuamini kwamba askari anayepigwa risasi anaumia, au kwamba muuza duka wa kwenye skrini hukumbuka jambo lolote mchezo ukizimwa. Bostrom, tofauti na wafuasi wake wengi, alilijua pengo hili na akalitaja waziwazi kuwa ni dhana anayoianzia: kwamba ufahamu unatokana na mpangilio wa hesabu, na kwamba mpangilio uleule ukiwekwa kwenye silikoni badala ya ubongo utazaa ufahamu uleule. Huenda ni kweli. Mimi najua tu kwamba abiria wangu walikuwa namba nne kila mmoja na hawakuona kiu, na kwamba sijapata kusoma popote maelezo ya namba ngapi zingetosha kiu ianze. Mtu anaweza kunijibu kwamba pantoni yangu haikumvusha mtu yeyote wa Dar es Salaam, lakini iliwavusha wale waliomo ndani yake. Sawa, ila jibu hilo linachukulia kwamba kuna mtu ndani, na hicho ndicho tulichokuwa tunataka kuthibitishiwa.

Shaka yenyewe ni ya kale, na sisi wa pwani hatukuhitaji kompyuta ili tuisikie. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisimulia jinsi alivyoanza kuzishuku hisi zake: jicho hukitazama kivuli likakiona kimesimama tuli, kumbe baada ya muda kimesogea, huitazama nyota likaiona ndogo kama dinari, ilhali hoja za jiometri zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Akili ikawa imezikanusha hisi. Kisha akajiuliza, iwapo akili imekuja ikazikanusha hisi, kwa nini asiwepo hakimu mwingine nyuma ya akili, ambaye akijitokeza ataikanusha akili yenyewe? Ndotoni mtu huamini mambo bila shaka yoyote, akiamka akayaona si kitu. Na huenda kuamka kwetu nako ni ndoto kwa kulinganishwa na hali nyingine. Anasema ugonjwa huo ulimshika karibu miezi miwili, na kwamba alipopona hakupona kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Huwa naipenda sehemu hiyo ya mwisho kwa uaminifu wake, maana anakiri kwamba dawa ya hoja dhidi ya shaka hiyo hakuipata. (Wahenga wetu nao walisema dunia hadaa, ulimwengu shujaa, lakini nadhani hawakuwa na swali hili akilini. Walikuwa wakimwonya mtu asitegemee mali na watu, na hawakudai kwamba mali na watu hawapo.)

Katika madhehebu yake ya Ash'ari, mojawapo ya njia za wanazuoni wa Kiislamu za kueleza itikadi, kulikuwapo pia fundisho kwamba sifa za vitu, kama rangi na mwendo, hazidumu kwa nyakati mbili. Kila wakati Mungu huziumba upya. Anayejua jinsi skrini inavyochorwa upya mara 60 kwa sekunde hushawishika kusema kwamba hawa waliitabiri kompyuta. Mimi nadhani ufanano huo unapotosha, kwa sababu moja ambayo mtu akiikosa ameikosa maana yote: Muumba katika fundisho lile habani matumizi. Hana haja ya kupunguza gharama za umeme. Anayeunda mwigo wa kompyuta habanduki kwenye gharama hata siku moja.

Anayeiga huacha. Pantoni yangu haikuwa na bahari. Ilivuka kwa kupitisha dakika nane kwenye saa ya ndani, kisha ikatokea ng'ambo. Hapakuwa na upepo, chumvi, kutu, kunguru wala mwanga, na niliviacha vyote hivyo bila kufikiri, kwa kuwa havikuhusu swali la foleni. Ndivyo wanavyofanya pia wanaoiga hali ya hewa au mzunguko wa damu: huchagua swali, kisha hutupa kila kisicholihusu, na ustadi wa kazi hiyo zaidi ya nusu ni kujua cha kutupa. Kwa hiyo, ningetaka kuupima ulimwengu huu kama ni mwigo, nisingeanza na nguvu ya kompyuta. Ningetafuta pengo, mahali ambapo fundi aliona hapana haja ya kuweka kitu.

Na kila palipochunguliwa pasipo na faida kwa yeyote, pamekutwa pamejaa. Mwaka 1977 wanasayansi waliteremka kwa chombo kiitwacho Alvin hadi kina cha mita 2,500 hivi karibu na visiwa vya Galápagos, mahali ambapo jua halijapata kufika, wakakuta chemchemi za maji moto zimezungukwa na kome na viumbe wengine wanaoishi kwa kemikali za chini ya ardhi. Hakuna aliyewahitaji. Ukishuka kwenye chembe, ukarimu unazidi: ili kuandika kwa ukamilifu hali za mizunguko ya elektroni 300 tu zilizofungamana kwa kanuni za kwanta, yaani kanuni za vitu vidogo mno kama chembe za atomu, ungehitaji namba 2 kwa kipeo cha 300, idadi inayozidi atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Fundi anayebana matumizi asingechagua kanuni kama hizo. Mwaka 2017 palitoka utafiti uliohusu ugumu wa aina hii, nao waandishi wengi wa habari wakautangaza kuwa umethibitisha kwamba hatumo ndani ya mwigo, lakini haukuthibitisha hivyo. Ulionyesha kwamba mbinu moja mahususi ya kukokotoa hulemewa na aina fulani ya mifumo ya kwanta, na mtu wa nje, mwenye mashine ya namna nyingine, hafungwi na mbinu yetu.

Bostrom alikuwa amekwisha kuandaa jibu. Si lazima kila elektroni ihesabiwe, alisema. Inatosha kuziiga akili za wanadamu na kuwaonyesha kile wanachokitazama, hadubini ikifunguliwa ndipo undani ujazwe, na kosa likitokea kumbukumbu za walioliona zirekebishwe. Kwa mpango huo alikadiria kwamba historia yote ya fikra za binadamu ingehitaji hatua za hesabu kati ya 10 kwa kipeo cha 33 na 10 kwa kipeo cha 36. Kompyuta kuu ya Frontier iliyoko Oak Ridge, Marekani, iliyotangazwa mwaka 2022 kuwa imevuka hatua bilioni bilioni moja kwa sekunde, ingelimaliza kadirio la chini kwa takriban miaka milioni 32. Lakini kompyuta yenye uzito wa sayari, kama anavyoipigia hesabu, ingelimaliza kwa muda usiofika kupepesa jicho. Hesabu zake sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na ile sentensi ya kurekebisha kumbukumbu. Ukishamruhusu fundi kufuta kila ushahidi, umekwisha kuifunga hoja pande zote, na hakuna dalili yoyote, ya kuiunga mkono wala ya kuipinga, itakayoingia tena.

Isitoshe, iko kasoro nyingine ambayo naona haipewi uzito unaostahili. Tunajuaje kwamba kompyuta kubwa kama sayari inawezekana? Tunajua kwa fizikia tuliyoijifunza humu. Ikiwa humu ni mwigo uliojazwa kwa vipande na kusahihishwa kwa siri, fizikia hiyo si shahidi wa kuaminika kuhusu ulimwengu wa nje, na kadirio la kompyuta ya watu wa nje linaanguka. Ikiwa fizikia yetu ni ya kuaminika kwa sababu mababu wameigwa kwa uaminifu, basi tunarudi kwenye gharama. Sioni jinsi ya kukaa raha kwenye ukingo wowote kati ya hizo mbili, ingawa nakiri kwamba ugumu huo unaudhoofisha uthibitisho tu. Haukanushi jambo lenyewe.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote lilitoka kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuiga. Mwaka 2012 wanafizikia Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage waliandika wakiwa na uzoefu wa kukokotoa nguvu zinazozishika kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda protoni, ndani ya protoni hiyo. Kazi hiyo hufanywa kwa kuigawa nafasi katika wavu wa miraba, kwa sababu kompyuta haiwezi kuhesabu nafasi isiyokatika, na kwa uwezo wa sasa kisanduku chote kinachoigwa kina upana wa femtomita chache, yaani kipimo cha kiini cha atomu. Wao wakauliza: tuseme waliotuunda nao wanatumia wavu, ila mkubwa kuliko wetu na wenye macho madogo zaidi, macho hayo yangejionyesha wapi?

Mvuvi anajua jibu la nusu. Jicho la wavu lina kipimo, na kilicho chembamba kuliko kipimo hicho hakikamatwi. Chembe yenye nishati kubwa ina wimbi fupi, na wimbi likikaribia ufupi wa jicho la wavu, wavu hauwezi tena kulibeba sawasawa. Kwa hiyo pangekuwapo kikomo cha nishati, na karibu na kikomo hicho chembe ingeanza kutofautisha kwenda sambamba na nyuzi na kwenda kwa mshazari. Chembe zenye nishati ya namna hiyo zipo kweli: ni miale inayotufikia kutoka mbali angani, na nyingine ni adimu kiasi kwamba kilomita moja ya mraba huangukiwa na mmoja kwa karne, ndiyo maana kituo cha Pierre Auger nchini Argentina kimetandaza matangi zaidi ya 1,600 ya maji kwenye eneo la kilomita za mraba 3,000 kuingoja. Kikomo cha nishati pekee hakithibitishi lolote, kwani mwaka 1966 ilikwisha kuelezwa kwamba mwanga hafifu ulioenea angani kote huipunguzia nguvu miale iliyovuka kiwango fulani. Kinachotafutwa ni mwelekeo: je, miale mikali kuliko yote huja kwa mpangilio unaofuata nyuzi za wavu? Alama hiyo haijaonekana. Kutoonekana kwake kunasema tu kwamba, kama wavu upo, macho yake ni madogo kuliko kiwango walichokikokotoa, na fundi mwenye mbinu isiyo ya wavu hakuguswa kabisa. Hata hivyo hapa pana jambo ambalo linaweza kuangaliwa, na mtu akalikosa au akalipata, kwa hiyo waandishi hawa watatu kwangu wana thamani kuliko mikutano yote ya teknolojia.

Lipo na suala la bahati. Abiria wangu walifika getini kwa nasibu, lakini nasibu ya kompyuta si nasibu: ni mfuatano wa namba unaochipua kutoka namba moja ya kuanzia, inayoitwa mbegu, na ukiipanda mbegu ileile utavuna siku ileile bila kukosea sekunde. Kwanta hudai kwamba nasibu ya chembe haina mbegu. Majaribio yaliyowapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobeli mwaka 2022 yameizima dhana kwamba kila chembe inatembea na maelekezo yake ya siri mfukoni. Kwa muda nilidhani hilo limemaliza mjadala. Halijaumaliza, kwa sababu mbegu ya programu haikai ndani ya abiria. Hukaa kwenye faili, mahali ambapo si Magogoni wala Kigamboni.

Kwa hiyo nikiulizwa, na wapwa zangu wananiuliza sana, husema kwamba siamini, na kwamba siwezi kuwathibitishia. Ulimwengu usio na pengo lililopatikana, usiobana matumizi, usiojulikana unaiga nini, naona umekwisha kutoka kwenye maana ya neno mwigo kama mafundi tunavyolitumia. Anayetaka kuendelea kuuita hivyo anasema jambo ambalo mama angelisema kwa kitenzi kile kingine.

Wiki iliyopita niliikuta programu ile kwenye diski ya zamani. Mbegu yake ilikuwa bado imeandikwa juu ya faili, tarehe ya kuzaliwa ya dada yangu. Niliiendesha. Geti, lililokwisha kurekebishwa tangu enzi zile, lilifunguka na kufungwa kwa wakati, na nilipokuwa nikipitia orodha niliona kwamba abiria wa 1,317, anayeelekea Kigamboni, mwenye mzigo, amefika dakika ya 102.4 ilhali geti limefungwa dakika ya 102.3. Niliiendesha tena, akachelewa tena. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, na ningeweza kumwahisha kwa sehemu mbili za kumi za dakika. Niliizima kompyuta nikaenda kulala.